Obama Alihutubu Juu ya Ziwa

Usiku wa tarehe 4 Novemba 2008, Barack Obama alisimama Grant Park, Chicago, akaambia dunia kwamba ameshinda. Watu karibu 240,000 walijaa mbele yake. Huku kwetu Kogelo watu walikesha, na Rais Kibaki akatangaza tarehe 6 kuwa sikukuu ya taifa. Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa nasari, lakini najua hiyo video mmeiona.

Kitu ambacho video haikuonyeshi ni hiki: pale aliposimama palikuwa ziwa. Siongei kwa mafumbo. Mwaka wa 1850 ungesimama pale pale, ungezama. Ziwa Michigan lilikuwa linafika karibu kabisa na barabara ya Michigan Avenue. Hiyo nyasi yote, hiyo miti, hizo njia za kukimbia asubuhi, zimekaa juu ya vifusi, matope na taka zilizomwagwa ziwani kwa miaka mingi.

Sasa, ardhi mpya ikitokea katikati ya jiji lenye chapaa, unajua nini kinafuata. Wewe ni Mkenya, hii hauhitaji kuelezwa. Wanyakuzi walikuja mmoja baada ya mwingine, wengine na suti, wengine na bunduki, wengine na sheria kabisa iliyopitishwa bungeni. Na bado hadi leo, karibu maili 26 kati ya 30 za ufuo wa Chicago ni za umma. Unaingia bure.

Watu huniambia, "Ah, hiyo ni Marekani, wako na mipango." Wapi! Soma hii stori mpaka mwisho uone kama hiyo ilikuwa mipango.

Mstari mmoja kwenye ramani

Mwaka wa 1836 jimbo la Illinois lilitaka kuchimba mfereji wa kuunganisha Ziwa Michigan na Mto Illinois. Pesa hakuna. Kwa hivyo wakaweka makamishna watatu, wakagawanya ardhi ploti ploti, wakaanza kuuza. Chicago wakati huo ilikuwa kamji kadogo ka matope.

Kwenye ramani ya kuuzia ploti, makamishna waliacha ukanda mmoja kando ya ziwa bila kuugawa. Juu yake wakaandika kwamba huu ni uwanja wa umma, utabaki wazi milele, bila majengo wala kizuizi chochote kile.

Basi. Sentensi moja kwenye ramani ya watu wanaouza ploti. Hakukuwa na bustani bado. Ilikuwa ni ufuo mwembamba unaoliwa na mawimbi kila msimu wa dhoruba. Lakini hiyo sentensi iweke kwa mfuko, tutaihitaji.

Reli, halafu moto

Kufikia 1852 mawimbi yalikuwa yanatisha nyumba za matajiri wa Michigan Avenue, na mji haukuwa na pesa za kujenga ukuta. Kampuni ya reli ya Illinois Central nayo ilikuwa inatafuta njia ya kuingia mjini. Wakafanya dili: reli ipite ndani ya ziwa, juu ya nguzo za mbao, na kampuni ijenge ukuta wa kuzuia mawimbi. Kwa hivyo treni zikaanza kupita juu ya maji, na katikati ya reli na nchi kavu likabaki dimbwi la maji yasiyosonga.

Tarehe 8 Oktoba 1871 Chicago ikashika moto. Ulipozima, watu karibu 300 walikuwa wamekufa na watu 100,000 hawakuwa na makao. Hiyo ilikuwa karibu thuluthi moja ya mji. Mji mzima wa vifusi ungepelekwa wapi? Ukasukumwa kwa lile dimbwi. Matofali ya nyumba za watu, majivu ya maduka, vyuma vilivyoyeyuka, vyote vikaingia ziwani.

Kwa hivyo msingi wa Grant Park ni msiba. Na baadaye ikaongezwa udongo uliochimbwa chini ya mji wakati wa kutengeneza mahandaki ya mizigo, na mchanga uliotolewa chini ya ziwa. Ukingo ukasonga mbele, ukasonga mbele, hadi ile reli iliyokuwa majini ikajikuta katikati ya nchi kavu.

Hapo ndipo swali likaja: hii ardhi mpya ni ya nani?

Kila mtu akasema ni yangu

Wa kwanza ilikuwa reli yenyewe. Mwaka wa 1869, hata kabla ya moto, bunge la Illinois lilipitisha sheria ya kuipa Illinois Central zaidi ya ekari 1,000 za ardhi iliyo chini ya ziwa, mbele kabisa ya mji. Gavana alikataa kutia sahihi. Bunge likapitisha hivyo hivyo. Fikiria mtu anapewa hati ya Bahari ya Hindi kutoka Nyali hadi Likoni, halafu anaambiwa ajaze mawe akitaka.

Mwaka wa 1873 bunge lingine likafuta hiyo sheria. Reli ikasema haiwezekani, ukishanipa umenipa. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na uamuzi ukatoka 1892. Majaji wawili walikaa kando: mmoja aliwahi kuwa wakili wa mji wa Chicago, mwingine alikuwa na hisa za hiyo reli. Waliobaki wakagawanyika 4 kwa 3.

Wanne wakasema hivi, kwa maneno yangu: serikali haimiliki maji na ardhi iliyo chini yake vile wewe unamiliki simu yako. Imeshikilia kwa amana, kwa niaba ya watu. Na amana huwezi kuuza yote ukaondoka. Bunge lenyewe haliwezi.

Kura moja tu. Jaji mmoja angeamka vibaya siku hiyo, stori ingeisha hapo.

Wa pili alikuwa mkora wa kipekee. Mwaka wa 1886 mashua ya jamaa anaitwa George Wellington Streeter ilikwama kwenye mchanga, upande wa kaskazini mwa mto. Akakataa kutoka. Wajenzi walikuwa wanatafuta pa kumwaga vifusi, yeye akawaambia leteni huku. Ardhi ikakua kuzunguka mashua. Streeter akatangaza kwamba hapo hapamo kwenye ramani ya Illinois, kwa hivyo jimbo halimhusu, na ni pake. Akaanza kuuzia watu ploti na kufukuza polisi kwa bunduki. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kumtoa, na hiyo mitaa bado inaitwa Streeterville. Sai ni kati ya mitaa ghali zaidi Chicago.

Streeter anachekesha. Lakini matajiri waliokuwa wanamfukuza nao walikuwa wanajipatia ardhi iliyojazwa mbele ya mali zao. Tofauti yao na yeye ilikuwa mawakili.

Mtu wa dirishani

Wa tatu walikuwa wagumu kuliko wote, kwa sababu walikuja na nia nzuri. Hapa ndipo anaingia Aaron Montgomery Ward.

Ward alikuwa amepata utajiri kwa kuuza bidhaa kwa katalogi tangu 1872. Mkulima anaagiza kwa barua, mzigo unakuja kwa treni. Ile biashara ya kuagiza mtandaoni unayoiona leo, babu yake ni huyu. Ofisi yake ilikuwa Michigan Avenue, na dirisha lake liliangalia ufuo ambao ulikuwa umegeuka aibu: marundo ya taka, mabehewa, mazizi ya farasi, vibanda vya kila aina. Mwaka wa 1890 akaenda kortini. Hoja yake ilikuwa ile sentensi ya 1836. Akasema, sisi wenye ploti zinazoangalia huu uwanja tuliuziwa kwa ahadi hii, kwa hivyo tuna haki ya kuidai.

Taka zikaondolewa. Lakini wakubwa wa mji walikuwa na ndoto zao. Wengine walitaka majengo ya serikali pale. Kisha Marshall Field, bwana wa maduka makubwa, alipofariki 1906, akaacha dola milioni 8 za makumbusho. Viongozi wakasema tuijenge katikati ya Grant Park. Ward akasema hapana.

Hebu fikiria hiyo presha. Si klabu, si maegesho ya magari. Ni makumbusho! Ya kufunza watoto! Magazeti na matajiri wenzake wakamchora kama mkaidi anayezuia maendeleo. Yeye akaendelea. Alipigana kwa miaka 20 na akashinda mara kwa mara katika Mahakama ya Juu ya Illinois. Mwaka wa 1909 alikiri kwamba angejua itachukua muda wote huo, huenda asingeanza, na akasema alikuwa anapigania maskini wa Chicago, si mamilionea.

Mimi namwamini nusu. Alikuwa tajiri mwenye dirisha, na dirisha lenye ziwa ni thamani. Lakini matokeo ni yale yale. Makumbusho ya Field yalijengwa kusini, nje ya mpaka wa ule uwanja, kwenye ardhi nyingine iliyojazwa, yakafunguliwa 1921. Katikati pakabaki wazi. Ndiyo maana karibu karne moja baada ya kesi kuisha, kulikuwa na nafasi ya watu 240,000 kusimama.

Mwaka ule ule wa 1909, Daniel Burnham na Edward Bennett walitoa mpango maarufu wa Chicago, wakasema ufuo ni haki ya watu na kila futi yake inafaa kuwa yao. Hao wawili mara nyingi hupewa sifa kubwa. Lakini mpango ni karatasi. Bila kesi, karatasi ya Burnham ingechorwa juu ya majengo.

"Umma" ni nani hasa?

Sasa tusianze kupiga makofi. Kuna sehemu ya hii stori ambayo haiwekwi kwenye postikadi.

Tarehe 27 Julai 1919 kijana mweusi anaitwa Eugene Williams, miaka 17, alikuwa anaogelea na marafiki upande wa kusini wa ufuo huo huo, karibu na mtaa wa 29. Maji hayakuwa na kamba wala bango. Lakini kulikuwa na mstari ambao kila mtu aliujua, huku ni kwa weusi, kule ni kwa wazungu. Williams na wenzake walielea wakavuka upande wa wazungu. Mzungu mmoja akaanza kurusha mawe. Williams akazama. Polisi aliyekuwa pale akakataa kumkamata aliyerusha.

Vurugu ziliendelea kwa wiki nzima. Watu 38 waliuawa, 23 weusi na 15 wazungu, na zaidi ya 500 wakajeruhiwa.

Soma hizo tarehe tena. Mwaka wa 1909 watu wanasema ufuo ni wa wote. Mwaka wa 1919 kijana anakufa kwa sababu alielea. Korti inaweza kuzuia jengo lisijengwe, lakini haiwezi peke yake kuamua nani atajisikia nyumbani pale. Hiyo ni vita nyingine, na wanaoipigana kwa kawaida hawana dirisha Michigan Avenue.

Agosti 1968 vijana walikusanyika Grant Park kupinga vita vya Vietnam wakati chama cha Democratic kilikuwa na mkutano wake mjini. Polisi waliwachapa mbele ya kamera. Uwanja wazi ndio hufanya hivyo: unakuwa mahali pa kwanza watu huenda wakiwa na jambo la kusema, na mahali pa kwanza rungu hutumwa. Sisi wa Juni 2024 hatuhitaji maelezo zaidi.

Nani anaruhusiwa kushtaki?

Nimesoma hii historia mara kadhaa na kila mara narudi kwa kitu kimoja. Ward hakushinda kwa sababu alipenda nyasi. Alishinda kwa sababu korti ilikubali kumsikiliza. Alikuwa na ploti. Mfanyakazi aliyeishi vyumba vya nyuma, ambaye alihitaji huo ufuo kuliko Ward, hangeweza kusimama pale na hoja ile ile.

Angalia vile hii inarudi. Obama alipotaka kujenga kituo chake cha urais, mahali palipochaguliwa ni Jackson Park, bustani nyingine ya umma kando ya ziwa hilo hilo. Wanaharakati wakashtaki wakitumia ile hoja ya amana ya 1892. Mwaka wa 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema haiwezi kusikiliza hoja hiyo, kwa sababu hawakuonyesha ni vipi wao wenyewe wameumia. Ujenzi ukaanza 2021. Unaweza kupenda hicho kituo, kina watu wengi wa mtaa wanaokitaka. Lakini swali la kama bustani ilipeanwa vibaya halikujibiwa na korti ile. Mlango ulifungwa kabla ya swali kuingia.

Na kabla hujacheka Marekani, rudi Nairobi mwaka wa 1989. Chama tawala kinataka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai anaandika barua, anatukanwa bungeni, anaenda kortini. Korti Kuu inatupa kesi yake. Sababu? Hana haki ya kushtaki. Wewe mama, ploti yako iko wapi hapa? Umeumia wapi? Jumba lilikufa baadaye kwa sababu kelele zilikuwa nyingi na wafadhili wakajiondoa. Korti haikutusaidia.

Tangu hapo, kitu kikubwa kimebadilika, na nashangaa vile hatukiongelei.

Mwaka wa 2006, katika kesi ya maji taka ya Kiserian, Korti Kuu yetu ilisema serikali inashikilia rasilimali kama ardhi, misitu na mito kwa amana ya umma. Wazo ni lile lile lililoshinda kwa kura moja mwaka wa 1892. Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 62 kinasema mito, maziwa, bahari na ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Kifungu cha 70 kinasema mtu yeyote anaweza kwenda kortini kutetea mazingira, na halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.

Mtu yeyote. Mimi sikumaliza chuo, sina ploti hata ya kaburi, na Katiba inasema naweza kusimama pale Ward alisimama. Yeye alihitaji jengo zima. Wangari alikataliwa. Sisi mlango umefunguliwa.

Kwa hivyo ukienda Mombasa ukakaa Mama Ngina na mihogo yako, ukaangalia meli zikiingia, kumbuka hiyo nafasi haijilindi. Ukiona ukuta umejengwa hadi kwenye maji na njia ya wavuvi imefungwa, au mtu anamwaga mawe ziwani halafu anaita hapo kwake, usiseme tu "hii Kenya". Kumwaga mawe kwenye kitu cha umma hakukifanyi kuwa chako. Piga picha. Andika tarehe. Uliza hati iko wapi na ilitolewa lini. Tafuta wakili wa kujitolea, au kikundi cha wavuvi wa pale, maana wao huwa wa kwanza kuumia na wa mwisho kuulizwa.

Na jiandae kuitwa adui wa maendeleo. Ward aliitwa hivyo. Wangari aliitwa hivyo na mabaya zaidi. Wale waliowaita hivyo, watoto wao sai wanatembeza mbwa kwenye hizo bustani. Bure.